Kaye ya vitabu tusiitoe

Ndugu zangu wa Naviundu, na ninyi jamaa mliokimbia vita mkafika kwetu, leo sileti habari ya maji wala ya umeme. Naleta habari ya kaye moja ya shule, yenye jalada la bluu, na ndani yake majina yenu.

Wengi mnamjua mama mwenye kaye hiyo. Alifundisha shule ya msingi miaka mingi, na tangu alipoacha kazi anaazimisha vitabu katika chumba kimoja cha nyumba yake. Hakuna anayemlipa. Vitabu vingine ni vya watoto wake waliokwisha kukua, vingine aliachiwa na mapadri waliohamishwa, vingine alivinunua mjini kwa wale wanaovitandika chini kando ya barabara. Kuna vya kujitayarisha kwa Examen d'État, sarufi za Kifaransa, riwaya, Biblia za lugha nyingi, vitabu vya afya, vijitabu vya sheria ya ardhi. Anayeazima anaandikwa: tarehe, jina, avenue, namba ya telefone, jina la kitabu. Kwa jamaa waliokuja kwa sababu ya vita, mama aliongeza mstari mmoja: umetoka wapi. Alifanya hivyo kwa nia njema, ili familia ikihama tena ajue pa kuulizia kitabu chake.

Majuma mawili yaliyopita watu wawili walifika kwake. Walisema wanatoka katika ofisi ya serikali. Hawakuonyesha karatasi ya kazi wala barua yenye muhuri.

– Mama, leta ile kaye. Tunataka kujua banani banasomaka nini hapa, zaidi bale banatoka ku Kivu.

– Papa, hii kaye ni ya bitabu, haiko ya batu.

– Kama hauna kitu ya kuficha, unaogopa nini?

Mama aliwajibu kwa heshima kwamba atafikiri. Wakasema watarudi. Tangu siku ile vitabu vinarudishwa kwake usiku, vingine vimeachwa mlangoni bila mtu kubisha hodi. Kijana mmoja aliyekuwa akija kila jumamosi kwa ajili ya hesabu za mtihani wa mwisho haji tena. Hakuna aliyekamatwa, hakuna aliyepigwa, na tayari watu wameacha kusoma. Kuulizwa tu kumetosha.

Mimi nasema asiitoe, na sisi tusimwache peke yake siku watakaporudi.

Najua nitajibiwa kwamba ni kaye tu. Basi tuifungue kwa fikira na tuone inasema nini. Siandiki jina la mtu, na nimegeuza mambo madogo ili asitambulikane. Kuna mama mjane aliyeazima kitabu cha afya kinachoeleza juu ya dawa za SIDA. Labda ni kwa ajili yake, labda ni kwa dada yake, labda anataka kujua tu. Kuna baba aliyeazima kijitabu cha sheria ya ardhi, na baba huyo ana ugomvi wa kiwanja na mtu mwenye nguvu. Na kuna msichana kutoka upande wa Masisi aliyeazima Biblia ya Kinyarwanda, kwa kuwa ndiyo lugha nyanya yake anayosali nayo. Mnajua jinsi watu wanavyomtazama mtu wa sura fulani katika mji huu tangu Goma ilipoanguka mwishoni mwa Januari 2025, na Bukavu mwezi uliofuata. Mstari ule mmoja, jina, avenue, "Masisi", "Biblia, Kinyarwanda", ukifika katika mkono mbaya, nani atasimama mlangoni kwa huyo msichana aeleze habari ya nyanya yake?

Kaye haielezi kwa nini mtu amesoma. Inasema tu kwamba amesoma. Yule anayeishika ndiye anayejaza sababu, na atajaza ile aliyokuja nayo. Wazee walisema siri ya mtungi aijuaye kata. Mwenye kuazimisha vitabu ndiye kata. Tulimwachia achote kwa sababu tulimwamini.

Tena jambo hili si geni katika Katanga. Babu zetu walilijua. Katika miaka ya 1920 mafundisho ya Watch Tower yalivuka mpaka kutoka Rhodesia ya Kaskazini, ambayo leo ni Zambia, yakaingia kwenye kambi za wafanyakazi na vijijini. Watu wakayaita Kitawala. Wabelgiji waliogopa maandishi yale, wakayapiga marufuku, na mtu aliyekutwa nayo alihesabiwa kuwa adui wa utawala hata kama hakuwahi kuinua mkono. Wengi walihamishwa kwa nguvu mbali na kwao, wakawekwa katika kambi za kufungiwa, na moja ya kambi hizo ilikuwa Kasaji, hapa hapa upande wetu. Walikuwako katika harakati ile watu wakorofi, sikatai. Tomo Nyirenda, aliyejiita Mwana Lesa, aliua watu wengi akisema ni wachawi, na Waingereza wakamnyonga mwaka 1926. Lakini aliadhibiwa kwa kuua. Wale waliopelekwa Kasaji, wengi wao kosa lao lilikuwa kuamini na kusoma.

Halafu ikaja ile ya "évolué". Mwaka 1948 ilianzishwa karte ya heshima ya kiraia, na mwaka 1952 ile ya kuandikishwa sawa na Wazungu. Aliyetaka kuandikishwa alikubali tume iingie nyumbani mwake. Waliangalia meza, vitanda, jiko na choo, wakauliza juu ya mke na watoto, ndipo wakaamua kama yeye ni mtu aliyeendelea. Waliopewa walikuwa wachache sana. Wengi wa wazazi wetu waliona haya kwa niaba yao. Leo tukiruhusu watu waje kuchunguza kilicho kichwani mwetu kwa kupitia kaye ya vitabu, je, hatufungui mlango uleule?

Uhuru ulikuja, na macho yakabaki. Chini ya Mobutu kulikuwa na CND, kisha AND, kisha SNIP, na tangu 1997 ni ANR. Majina yanabadilika. Wenye umri wangu wanakumbuka kilichotokea katika Chuo Kikuu chetu cha Lubumbashi. Tarehe 24 Aprili 1990 Mobutu alitangaza mwisho wa chama kimoja. Wanafunzi wakaamini kwamba sasa mtu anaweza kusema. Wakaanza kuwatafuta wenzao waliokuwa wakipeleka habari zao kwa wakubwa, na waliowashuku wakawapiga. Usiku wa tarehe 11 kuamkia 12 Mei, umeme ukakatwa, wenye silaha wakaingia kampasi. Serikali ilikubali mtu mmoja tu aliyekufa. Wengine walisema makumi, na idadi inabishaniwa hadi leo. Ubelgiji ikasimamisha msaada wake.

Watu wanakumbuka visu na giza. Mimi naomba tukumbuke pia kilichotangulia. Kwa miaka wanafunzi waliishi chumba kimoja bila kujua nani anaandika yanayosemwa. Ulipofika wakati wa kusema wazi, hawakujua tena kuishi pamoja ila kwa kushukiana. Kuwapiga wale vijana ilikuwa kosa pia. Lakini hayo ndiyo matunda ya kupelelezana: jirani anakuwa askari wa jirani, na mwisho wote wanaumia.

Sasa nijibu yale ninayoyasikia kwenye nyanda za soko na baada ya misa.

Neno la kwanza: asiye na kosa haogopi. Wapendwa, mlango wa choo tunaufunga, na ndani hatuibi. Mgonjwa anaingia kwa daktari peke yake, na hakuna anayemwita mhalifu. Mkatoliki anaungama kwa padri mmoja, haungami mbele ya kapela nzima. Mna familia hapa Naviundu ambazo kabla ya kila kizuizi cha barabara zilifuta picha na ujumbe katika telefone, hata picha za ubatizo, kwa sababu hazikujua askari wa upande gani atashika telefone hiyo wala atasoma nini ndani yake. Waulizeni kama walikuwa na kosa. Hawa jamaa wanajua kuliko sisi sote kwamba kosa linaamuliwa na mwenye kusoma orodha.

Neno la pili: tuko vitani. Ni kweli, na wenye kulinda watu wana kazi ngumu. Lakini tuwe wakweli juu ya mahali hatari inapotokea. Tarehe 23 Machi 2013 wapiganaji wa Kata Katanga waliingia mji huu mchana, wakipita barabarani kwa miguu, wengine na silaha, wengine na mishale, mpaka katikati ya mji, na watu wakafa. Hakukuwa na haja ya kaye ya vitabu ili kuwaona. Waliotoka Mitwaba, Pweto na Manono kwa miaka ile walikuwa wakieleza wazi nani anachoma vijiji vyao. Hawakusikilizwa. Usalama unaopuuza anayesema wazi, kisha unakuja kuuliza mtoto anasoma nini, unatafuta penye mwanga kitu kilichopotea gizani.

Neno la tatu: mficha uchi hazai. Mezali hiyo ni ya mtu anayekataa kumwonyesha mganga kidonda chake. Anayeamua kujifunua ni yeye mgonjwa, na anajifunua kwa yule anayeweza kumponya. Mezali haisemi mganga avunje mlango.

Neno la nne ni la wale wanaosema mambo haya ni ya Wazungu wenye maktaba kubwa. Hapana. Tutazame majirani. Kule Kenya, mwalimu wa historia Maina wa Kinyatti alihukumiwa mwaka 1982 miaka sita gerezani kwa kukutwa na maandishi yaliyoitwa ya uchochezi. Mwanzoni mwa 1987 wapelelezi wa nchi hiyo walisikia wakulima wakizungumza juu ya mtu aitwaye Matigari anayezunguka akiuliza maswali ya ukweli na haki. Ngũgĩ wa Thiong'o alieleza kwamba ilitolewa amri mtu huyo akamatwe, hadi walipogundua kwamba ni mtu wa ndani ya riwaya. Basi wakakamata vitabu madukani. Tunacheka, lakini fikirini: waliwezaje kusikia wakulima wanazungumza nini jioni? Kulikuwa na mtu aliyeketi nao.

Kule Tanzania, Maxence Melo wa JamiiForums alikamatwa Desemba 2016, na Aprili 2020 mahakama ya Kisutu, Dar es Salaam, ikamtia hatiani katika kesi iliyotokana na kukataa kwake kuwapa polisi habari za watu wanaoandika kwenye mtandao wake. Na hata Marekani, baada ya sheria ya Patriot Act ya 2001, wakutubi wanne wa Connecticut mwaka 2005 walipokea barua ya FBI ikitaka habari za watumiaji wa kompyuta za maktaba, na kukatazwa kumwambia mtu yeyote kwamba wameipokea. Walikataa, wakaenda mahakamani wakiwa wamefichwa majina. Mwaka 2006 wakaruhusiwa kusema, na FBI ikaacha kudai. Wale ni watu wenye mshahara na wanasheria. Mama yetu hana, lakini swali alilowekewa ni lilelile, na jibu lake linaweza kuwa lilelile.

Ninyi mnaosikiliza habari hizi zikisomwa na mtu mwingine, msidhani hamhusiki kwa kuwa hamwazimi vitabu. Redio ni kitabu cha wengi hapa. Na redio ina uzuri mmoja ambao hatuutaji: haijui nani anaisikiliza. Wakubwa walipochukizwa na RFI mwaka 2009, iliwabidi kuikata kwa nchi nzima hadi 2010. Kinshasa waliikata tena kuanzia Novemba 2016 hadi Agosti 2017. Kwa sababu hawakuweza kumchagua msikilizaji mmoja, walizima kwa wote, na wote tukaona. Hata Juni 2025, CSAC ilipokataza kwa siku 90 habari za Joseph Kabila na chama chake PPRD, iliwaambia watangazaji. Haikuweza kugonga kwako kuuliza ulisikiliza nini.

Telefone si hivyo. Namba yako imeandikishwa kwa karte yako ya mpiga kura. Kuanzia 2020 walitukata unite kwa jina la RAM, ile orodha ya telefone zote, hadi tulipopiga kelele ikafutwa mwaka 2022. Unachofungua katika telefone kinaacha alama. Polepole kila mtu anabeba kaye yake mfukoni, na hakuiandika yeye. Kama hatuwezi kulinda ile ya karatasi, ambayo tunaiona kwa macho na kuishika kwa mkono, hii nyingine tutailindaje?

Sheria iko upande wetu, angalau katika maandishi. Katiba ya 2006, kifungu cha 31, inasema kila mtu ana haki ya kuheshimiwa maisha yake ya binafsi na siri ya barua na mawasiliano yake, na kwamba haki hiyo haiguswi ila pale sheria inapoeleza. Kifungu cha 22 kinalinda mawazo na dhamiri, cha 24 kinampa kila mtu haki ya kupata habari. Code du numérique ya tarehe 13 Machi 2023 ina sehemu nzima juu ya kulinda habari za mtu binafsi. Hakuna mahali nilipoona imeandikwa kwamba watu wawili wasio na karatasi wanaweza kuchukua kaye ya mama kwa sababu wameulizwa na mkubwa wao.

Basi tufanye nini? Kuna waliomshauri mama aichome usiku. Sikubali. Akiichoma sasa watasema alikuwa na la kuficha, na sisi tutakuwa tumemfundisha kujiona mwenye kosa. Kaye ikae kwake. Wakirudi, aulize mambo matatu bila ukali: majina yao na ofisi yao, amri iliyoandikwa na hakimu, na sababu. Awaambie kwamba hatajibu kitu kabla ya mwanasheria au mtetezi wa haki za binadamu kuwapo. Na siku hiyo majirani wawili au watatu wakae barazani kwake, wanywe chai. Si kupigana, wala kutukana. Kuwapo tu. Mtu asiye na karatasi hapendi mashahidi.

Kuanzia sasa mama aandike kwa njia nyingine, na ndugu wengine wenye vitabu katika parokia na makanisa wafanye vilevile. Kila kitabu kiwe na kikaratasi chake ndani. Ukiazima, unaandika jina lako kwenye kikaratasi, kinabaki katika sanduku. Ukirudisha, kikaratasi kinapasuliwa mbele ya macho yako na kipya kinawekwa. Kwa njia hiyo sanduku linajua tu kitabu kiko wapi leo. Halijui ulisoma nini mwaka jana. Ule mstari wa "umetoka wapi" ufutwe kabisa. Mtu hahitaji kutaja kijiji kilichoungua ili apewe sarufi. Orodha isiyoandikwa haiwezi kuombwa.

Na sisi wenyewe tuache ile tabia ya kuuliza "yule anasoma nini?" kwa sauti ya mashaka. Wale watu wawili hawakuota ndotoni kwamba kuna kaye katika avenue ile. Kuna mtu wa hapa aliyewaambia. Simtafuti, na ninaomba asitafutwe. Namwambia tu: ndugu, mtoto wako pia ameandikwa humo, ukurasa wa tatu kutoka mwisho, na kitabu alichoazima ni cha hesabu.

Mwaka 1965 maboyi wa zamani wa mji huu, watu waliopika na kufua katika nyumba za Wazungu, walijiandikia wenyewe historia ya Élisabethville kwa Kiswahili chetu, kwa jina la André Yav. Hawakuomba ruhusa ya kujua mambo yao. Sisi wajukuu wao tusiombe ruhusa ya kusoma.

Jumamosi hii chumba cha mama kitakuwa wazi kama kawaida kuanzia saa tatu asubuhi. Mimi nitakuwa pale na kitabu cha kurudisha. Kijana wa hesabu, kama unasikia, njoo. Kitabu chako bado kipo, na mtihani haungoji.